Jani Mdomoni mwa Bi Semeni

Kitu cha kwanza anachokiona mgeni yeyote kwa Bi Semeni ni kwamba haitikii salamu. Unakutana naye asubuhi kwenye njia inayopanda mlimani kutoka Bigwa, pembezoni mwa mji, jembe begani, khanga imekazwa kiunoni. Unamwamkia shikamoo kwa adabu zako zote, naye anakupita kama vile umeusemesha mgomba. Unabaki umesimama, unajiuliza umemkosea nini mama wa watu. Ni baada ya kupiga hatua kadhaa ndipo unapokumbuka ulichokiona: jani moja bichi, refu kama kidole, amelibana kati ya midomo.

Wenyeji wanalijua jani hilo. Wakimwona nalo husogea pembeni, humwachia njia, hawamsemeshi. Maana yake anakwenda kuchimba dawa. Kwa upande wa mama yake Semeni, mchimba dawa haongei tangu anapovuka kizingiti hadi anaporudi na kuulaza mzizi chini. Akifungua mdomo, dawa imeharibika, itabidi arudi nyumbani aanze upya. Bibi yake alimfundisha hivyo kule juu Tegetero, Semeni akiwa msichana wa miaka kumi na minne. Sasa ana sitini na mitatu, na katika miaka yote hiyo hajawahi kulitema jani njiani.

Wageni ndio wanaopata taabu, na Bigwa ya leo imejaa wageni. Salehe, dereva wa bodaboda aliyetokea Gairo na kupanga nyumba ya pili kutoka kwa Semeni, alikaa mwezi mzima akiamini kwamba bibi huyo anamchukia.

"Bibi, leo tena umenichunia?" alimpigia kelele asubuhi moja, pikipiki ikiunguruma. "Hata mke wangu akininunia, ikifika saa nne anaongea!"

Semeni alipita. Saa sita alirudi, akaulaza mzizi chini, akanawa mikono, kisha akamfuata kijiweni alikokaa na wenzake.

"Marahaba yako ya asubuhi hii hapa," alimwambia. "Nimekuletea."

Vijana walicheka hadi mmoja akashuka kwenye pikipiki. Tangu siku hiyo Salehe akawa mtu wake.

Semeni hakuuchagua uganga, na mwenyewe hapendi kuitwa mganga. Ni mkulima wa ndizi na magimbi kwenye shamba la ukoo, mjane, mama wa watoto wawili walioko Dar es Salaam na maisha yao. Watu humjia kwa sababu ya hali zao. Mtoto akiharisha, akikohoa, akiwa na joto, mama hufikiria nauli, vipimo na dawa za kununua, na baba hajatuma kitu. Basi huanza kwa Semeni. Kwa Semeni hakuna malipo, kwa kuwa dawa ya kwao haiuzwi. Hata asante haisemwi. Ukiishukuru dawa, bibi yake alikuwa akisema, umeirudisha kwa mwenyewe.

Kinachotakiwa ni kitu kimoja tu. Ukipona urudi, usimame mlangoni, useme kwa kinywa chako: nimepona. Hapo Semeni huchukua kipande cha mzizi kilichobaki na kukitupa kwenye maji yanayokwenda, na kazi inakuwa imefungwa. Usiporudi, kipande hubaki kwake.

Na watu hawarudi. Jikoni kwake, juu ya mafiga, vinaning'inia vifurushi vidogo vya majani makavu ya migomba, vimekuwa vyeusi kwa moshi, kila kimoja na mtu wake. Rafiki yake Eufrazia, mwuza mboga aliyezaliwa Mgeta, aliwahi kuvihesabu akaishia thelathini na kitu, shingo ikamuuma.

"Mwenzangu, hapa pamekuwa posta," Eufrazia alisema. "Barua zote hazina wenyewe. Hawa walikufa?"

"Wamepona. Juzi nimemwona mmoja soko la Mawenzi, amenenepa kweli kweli. Aliponiona akajifanya anachagua nyanya."

"Sasa si uvitupe?"

"Hawajasema."

"Mtu amenenepa, unataka aseme nini tena?"

Semeni alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha mbele yake, anajikanda magoti. Magoti yake yamekwisha. Kila jioni humeza vidonge viwili vya maumivu anavyonunua duka la dawa, kwa kuwa kwa utaratibu wa kwao mtu hajichimbii mwenyewe, na hakuna mwingine anayejua kuchimba. Uchovu wake si ule wa kulala ukaisha. Ni wa mtu anayegongewa hodi kila siku, na kila hodi anayoifungulia ina mlima ndani yake wa kupanda na kushuka.

Hidaya alipiga hodi siku ya Jumatano, mwezi wa nne, masika yakiwa yamekolea.

Hidaya alikuwa mpangaji wa chumba cha jirani, binti wa miaka ishirini na miwili kutoka Ngerengere. Mumewe, Nasibu, alikuwa mbali, kwenye mashamba ya miwa, akija mara moja kwa mwezi ikiwa hajakosa nauli. Mtoto wao Raya alikuwa na miezi minane, na katika miezi hiyo Semeni alikwishamchimbia mara mbili. Mara zote mbili Hidaya alirudi. Alisimama mlangoni, mtoto kiunoni, akasema, "Bibi, Raya amepona," kama anavyosema mwanafunzi mbele ya darasa. Ni yeye na wengine wachache ambao vifurushi vyao havikuwa vikining'inia pale juu.

Asubuhi hiyo walikuwa wamekwishakuja wawili. Semeni alikuwa ndiyo kwanza ameketi, sahani ya mihogo mapajani.

"Hodi bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Karibu, mama Raya. Leo nini tena?"

"Homa, bibi. Tangu jana. Ananyonya kidogo, analala. Na kikohozi."

"Hospitali umempeleka?"

"Baba yake hajatuma. Nikasema nianze kwako."

"Kila mtu anaanza kwangu. Siku moja mtakuja kuanza kwangu, mkute mimi nimeshaanza kwa Mungu."

Hidaya alicheka kidogo. Maji ya mvua yalikuwa yakimtiririka usoni. Mtoto alikuwa mgongoni, amefungwa kwa kitenge na juu yake kipande cha nailoni, kichwa tu ndicho kilichoonekana.

Kwa kawaida Semeni humpakata mtoto kwanza. Humfungua nguo zote, humshika tumbo, humtazama nyayo, huweka sikio kifuani. Hilo nalo alifundishwa. Alifundishwa pia kwamba mtoto ambaye mbavu zake zinabonyea ndani anapovuta pumzi si wa kwao, ni wa hospitali, na bibi yake mwenyewe aliwahi kumbeba mmoja kutoka Tegetero hadi mjini kwa miguu. Semeni alikwisharudisha wengi kwa sababu hiyo, wengine wakamkasirikia.

Lakini siku hiyo mvua ilikuwa ikinyesha, mtoto amelala, kitenge kimelowa na kukaza fundo. Kufungua, kufunga tena, mtoto aamke, alie. Semeni alinyoosha mkono bila kuinuka, akamgusa paji la uso kwa nyuma ya kiganja. Joto. Homa za watoto alikwishazichimbia mara ngapi?

"Ngoja hapa kwangu, kumekauka," alisema. "Nakwenda narudi."

Akaiweka chini sahani, akachuma jani pale pale mlangoni, akalibana.

Alikuwa amefika kona ya tatu, karibu na kijito, aliposikia anaitwa.

"Bibi! Bibi Semeni!"

Alisimama. Chini kule, kati ya mvua, Hidaya alikuwa amesimama kwenye njia, mtoto sasa kamshika mbele, kitenge kinaburuzika kwenye tope.

"Bibi, Raya anapumua vibaya! Bibi, njoo umwone!"

Jani lilikuwa kati ya midomo yake. Kulitema ni kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini akilitema atashuka, ataingia ndani, atachuma jingine, atapanda tena kona zote tatu kwa magoti yale. Na akina mama wa mtoto wa kwanza huogopa kila kitu. Mtoto akipiga chafya, amekufa. Mzizi haukuwa mbali.

"Bibi!"

Semeni aliinua mkono, kiganja mbele: ngoja. Kisha akageuka akapanda.

Mzizi haukuwa mbali, lakini mvua ilikuwa imeporomosha ukingo, na mahali alipozoea kuchimba pamefunikwa na udongo mwekundu. Alilazimika kuzunguka hadi kwenye mti mwingine, kule juu zaidi. Aliteleza mara mbili. Aliporudi ilikuwa imepita saa nzima na nyingine ilikuwa inaelekea ukingoni.

Hidaya alikuwa amekaa kizingitini. Hakuwa amekwenda popote. Aliambiwa angoje, akangoja. Raya alikuwa mapajani mwake bila nguo, halii, na kila alipovuta pumzi ngozi ya kati ya mbavu iliingia ndani, ikatoka, ikaingia. Midomo yake ilikuwa imepauka kama ya mtu aliyekula majivu.

Semeni aliuachia mzizi ukaanguka. Jani nalo likaanguka. Neno lake la kwanza lilikuwa ni jina la Salehe, na aliliita kwa sauti ambayo watu wa chini barabarani walidhani kuna moto.

Salehe hakuuliza. Alimweka Hidaya nyuma yake, mtoto katikati, akaondoka na mvua ile hadi hospitali mjini. Semeni alibaki uani, mikono mitupu, tope hadi magotini. Sahani ya mihogo ilikuwa imejaa maji ya mvua.

Nimonia, waliambiwa. Raya aliwekewa mpira wa hewa puani na kuchomwa sindano. Hizi zilikuwa habari alizozileta Salehe jioni, akiwa bado amelowa.

"Nesi kauliza mbona mmechelewa."

"Hidaya kasema nini?"

"Hajasema kitu, bibi."

Siku ya pili Semeni alipika uji, akautia kwenye chupa ya chai, akaenda. Wodini mama yake Hidaya alikuwa amekwishafika kutoka Ngerengere. Alimkaribisha kwa heshima, akampa kigoda. Raya alikuwa amelala na mpira puani, kifua kinapanda na kushuka harakaharaka.

"Mama Raya," Semeni alisema, "mmeamkaje mwanangu?"

Hidaya alikuwa akimtazama mtoto. Hakugeuka. Alifunga mdomo, akaendelea kumtazama mtoto, na katika mdomo ule hakukuwa na jani lolote.

"Amechoka, hajalala," mama yake alisema kwa aibu. "Msamehe, dada."

Semeni aliacha uji akarudi.

Siku ya saba mtoto aliruhusiwa, lakini hakurudishwa Bigwa. Mama yake Hidaya aliwachukua moja kwa moja Ngerengere. Chumba kikabaki na kufuli, beseni la kufulia likiwa limefunikwa mlangoni. Kama mtoto amepona sawasawa au ametolewa akiwa bado mgonjwa, hakuna aliyejua kwa hakika. Kila mtu alikuwa na habari yake. Mmoja alisema amenona. Mwingine akasema amerudishwa tena hospitali kuwekewa hewa. Semeni alizisikiliza zote, na kila aliyepita njiani akitokea mjini alimwuliza.

Mzizi aliouokota uani ulikuwa mzima, haujakwanguliwa hata kidogo. Aliufunga kwenye jani la mgomba, akautundika peke yake kwenye msumari wa mlangoni. Bibi yake hakumfundisha mzizi usioguswa unafanywaje.

Wiki tatu zilipita hivyo. Alipalilia magimbi, akakata ndizi. Eufrazia alimwona jinsi anavyokaa, jinsi anavyosahau chai hadi inapoa, akamvumilia siku nyingi. Kisha siku moja alitua kapu lake la mboga akakaa chini kabisa.

"Niambie kitu kimoja. Ulimsikia?"

"Kijito kilikuwa kimejaa. Maji yalikuwa na kelele."

"Semeni."

"Mvua nayo."

"Semeni, mimi si mtu wa serikali ya mtaa. Ulimsikia au hukumsikia?"

Semeni aliutazama ule mzizi mlangoni.

"Nilimsikia."

"Sasa si ungelitema?"

Eufrazia hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeuliza kwa nini hukufunga mlango wa banda la kuku. Na labda ndiyo maana Semeni, ambaye hakulia siku ya wodini, alivuta pindo la khanga akaficha uso.

"Ningelitema," alisema. "Niliona uvivu wa kupanda tena. Nilisema ni mwiko, lakini ulikuwa ni uvivu. Magoti yalikuwa yanauma, Eufrazia. Nilimwacha mtoto wa watu kwa sababu ya magoti."

Kesho yake alikuja mama mmoja na mtoto anayeharisha. Semeni alimpakata kwanza, akamfungua nguo zote, akamtazama kuanzia utosini hadi nyayo, akamwekea sikio kifuani kwa muda mrefu hata mama akaingiwa na hofu. Halafu alimwambia amnyweshe maji ya chumvi na sukari kama wanavyofundishwa kliniki, na akiona macho yanabonyea asimrudishe hapa, aende moja kwa moja hospitali. Alipotoka kwenda kumchumia majani ya mpera, nyuma ya nyumba tu, Salehe alikuwa akiosha pikipiki.

"Shikamoo, bibi!" alisema kwa mazoea, bila kutazamia kitu.

"Marahaba, Salehe."

Salehe aliacha kitambaa kikadondoka kwenye ndoo.

"Bibi! Unaongea! Dawa si itaharibika?"

"Haya ni majani ya mpera, yanavumilia." Akasimama. "Wewe unayo namba ya mama Raya?"

Alikuwa nayo, ingawa hakuwahi kuipiga. Hidaya ndiye aliyemwachia ufunguo wa chumba. Salehe alitaka kupiga pale pale, lakini Semeni alimzuia. Aliogopa ukimya wa simu, aliogopa kusema halo asijibiwe. Basi Salehe akamwambia kuna njia nyingine: ataongea, simu itashika maneno, Hidaya atayasikiliza akitaka na kwa wakati wake. Akamsogezea simu mdomoni.

"Sema, bibi. Nimeshabonyeza."

"Niseme sasa hivi?"

"Ndiyo hivyo unasema! Inakushika!"

Semeni alijikohoza.

"Mama Raya. Ni mimi, bibi yako. Siku ile uliniita mara tatu. Nilikusikia. Nilikusikia zote tatu. Sikuwa na sababu. Nilichoka tu, na uchovu wangu haukuwa wako wala wa Raya. Sikutaka ukae unafikiri labda sikusikia." Salehe alidhani amemaliza, akataka kuachia kidole, lakini Semeni aliendelea. "Mzizi wa Raya upo hapa mzima. Sijui niufanyeje. Ni hayo."

Salehe alituma. Hakufanya mzaha wowote. Alirudi kwenye ndoo yake akaosha tairi moja kwa muda mrefu.

Jibu halikuja siku hiyo wala ya pili. Siku ya tatu Semeni alianza kuwa na kawaida ya kupita kijiweni bila shughuli, na Salehe alikuwa akitikisa kichwa kabla hajaulizwa. Siku ya tano alikuja mwenyewe mbio, simu mkononi, akaiweka sikioni mwa Semeni bila hata hodi. Sauti ilikuwa ya Hidaya, na nyuma yake kulikuwa na jogoo, na watu wakizungumza, na kelele ndogo za mtoto ambazo Semeni alitaka zirudiwe mara nne.

"Kaka Salehe, mwambie bibi tunakuja Jumamosi. Nina vitu vya kuchukua chumbani. Mwambie mzizi asiutupe. Raya ameota jino."

Basi. Hapakuwa na shikamoo, wala kwamba amemsamehe, wala kwamba mtoto amepona. Semeni alikaa na maneno hayo siku mbili nzima, akiyageuza upande huu na huu. Vitu vya kuchukua chumbani: je, anahama? Asiutupe: autupe nani, basi?

Leo ndiyo Jumamosi. Ameamka kabla ya watu, akafagia uani, akachemsha viazi vitamu vya mtoto na kuviponda. Mvua imekwisha na mlima umesafishika hadi juu, unaweza kuona mgomba mmoja mmoja. Salehe amekwenda stendi ya Msamvu kuwapokea, na amekataa katakata kuzungumzia nauli. Eufrazia amekuja na mchicha, akasema hakai, akakaa.

Semeni ameutoa mzizi kwenye msumari. Ameushika mapajani, kwenye kifurushi chake, na kigoda amekitoa nje, karibu na barabara, mahali ambapo anayetoka mjini hawezi kupita bila kuonekana. Ameamua kwamba leo ndiye atakayeanza. Hatangoja shikamoo. Yeye ataita kwanza, kwa sauti, kabla pikipiki haijazimwa.

"Utasema nini?" Eufrazia anamwuliza.

"Hodi."

"Hodi uko kwako?"

"Nitaona wakifika."

Pikipiki inasikika ikipanda kutoka chini. Semeni anashika magoti, anainuka. Inatokeza kwenye kona, ina gunia la mkaa nyuma, inapita, mwendeshaji anampungia mkono. Anaketi tena. Eufrazia anachambua mchicha. Baada ya muda, mbali, kabla ya daraja, nyingine inaunguruma, na Semeni amekwishasimama.